Ukingo wa Ruaha Ubaki Kuwa wa Wote

Ardhi iliyo kando ya mto haihesabiwi miongoni mwa vifaa vya afya. Katika taarifa za robo mwaka za zahanati na vituo vya afya huandikwa idadi ya vitanda, dawa, chanjo na watumishi. Ukingo wa mto hauna safu yake. Hata hivyo, mengi yanayoandikwa katika safu nyingine za taarifa hizo, yaani kuhara, kichocho, malaria, shinikizo la damu na majeraha ya mafuriko, huongezeka au kupungua kutegemea namna ukingo huo unavyotumiwa. Ndiyo maana suala la nani amiliki ardhi ya ufukweni mwa mto halipaswi kuachiwa wapima ardhi na wanunuzi wa viwanja peke yao. Ni suala la afya ya jamii, na mahali pa kulijadili mapema ni sehemu kama Ruaha Mbuyuni.

Ruaha Mbuyuni ipo katika Wilaya ya Kilolo, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia huuvuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia Mkoa wa Iringa kutoka Mkoa wa Morogoro. Mto wenyewe hulishwa na ardhi oevu ya Usangu mkoani Mbeya, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, na baada ya hapo hushuka kupitia bonde hili hadi Kidatu. Mto Lukosi nao huteremka kutoka nyanda za juu za Kilolo na kumwaga maji yake humo. Bonde ni la joto na ukame, nchi ya mibuyu na migunga. Lakini kwa sababu ya maji ya mito hii, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni hujulikana katika masoko ya mbali, na mabasi na malori husimama hapo usiku na mchana. Palipo na maji, barabara na soko, pana watu. Na panapoongezeka watu, ardhi hupanda bei.

Makazi yanayokua kando ya barabara kuu yana tabia moja. Uso wake huelekea lami. Maduka, nyumba za wageni, mama lishe na wauza vitunguu hupigania nafasi ya mbele, nao mto hubaki kuwa uani. Uani ndiko yanakotupwa maganda na chupa, ndiko yanakooshwa magari, ndiko yanakochimbwa mchanga na udongo wa matofali. Kisha, nafasi za mbele zinapokwisha, uani nao huanza kukatwa viwanja. Mtu mmoja hupanda migomba hadi majini. Mwingine hujenga ukuta. Wa tatu huweka banda. Hakuna siku moja ambayo wakazi hukaa na kuamua kwamba mto usifikike tena. Hutokea tu kwamba mwaka fulani mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayekwenda kuvua hukuta njia ya zamani imezibwa, naye hulazimika kuzunguka hadi sehemu yenye kina kirefu na ukingo unaoporomoka.

Sheria ya nchi ililiona jambo hili zamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu, pamoja na shughuli nyingine zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au wa ziwa. Karibu kila kiongozi wa kijiji ameisikia namba hiyo. Tatizo ni kwamba katazo halitoshi kulinda ardhi. Katazo huwaeleza watu wasichopaswa kufanya, lakini haliwaelezi ardhi hiyo ni ya nani na ni ya kazi gani. Ardhi isiyo na kazi inayojulikana huonekana kuwa ni pori linalomsubiri mwenye nguvu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ukanda wa mita 60 ni mali ya namna hiyo hasa: unatajwa katika sheria, lakini katika vijiji vingi haumo katika daftari lolote, hauna alama ardhini, hauna jina na hauna mlinzi.

Hoja ya makala hii, basi, ni kwamba ukanda huo usiishie kuwa eneo lililokatazwa. Ugeuzwe kuwa eneo la wazi la umma, lenye miti, njia za kutembea, mahali salama pa kuchotea maji na kanuni zilizokubaliwa na wakazi wenyewe. Eneo linalotumiwa na wengi kila siku hulindwa na macho ya wengi. Eneo lililokatazwa tu hulindwa na karatasi.

Faida ya kwanza kwa afya ni ile inayofahamika zaidi: maji yanapofurika hukuta miti na nyasi badala ya vyumba vya kulala. Mto una haki ya kutanuka wakati wa masika, na ukanda wa wazi ni nafasi ya mto kufanya hivyo bila kuua mtu. Nyumba inapojengwa ukingoni, choo chake huchimbwa ukingoni pia. Mafuriko yanapokuja, shimo la choo hufunguka na yaliyomo husambaa katika visima na mabomba yaliyopasuka. Wahudumu wa afya wanajua kinachofuata. Kipindupindu na homa ya matumbo haviishi pale maji yanapokauka. Ndipo kwanza wagonjwa huanza kufika.

Faida ya pili huhusu mashimo. Mbu wa malaria wa jamii ya Anopheles gambiae hupenda kuzaliana katika vidimbwi vidogo vyenye jua: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu, mashimo ya mchanga na ya matofali. Ukingo unaochimbwa ovyo hutoa vidimbwi hivyo kwa mamia, tena jirani na nyumba. Ukingo wenye mizizi na kivuli hauwapi mbu hao nafasi kama hiyo. Vyandarua na dawa mseto vitaendelea kuhitajika, lakini kila shimo lililofukiwa au lisilochimbwa kabisa ni kazi iliyopunguzwa kwa chandarua.

Faida ya tatu huhusu kichocho. Ugonjwa huu huenea pale mkojo au kinyesi cha mtu mwenye minyoo kinapofika majini, minyoo michanga ikaingia katika konokono, kisha ikatoka na kupenya ngozi ya mtu mwingine anayeoga, anayefua au anayemwagilia. Dawa ya prazikwanteli hutibu, lakini mtoto aliyetibiwa Jumatatu akirudi Jumamosi kwenye maji yaleyale huambukizwa upya. Kinachokata mzunguko huo ni mpangilio wa mahali: vyoo vinavyotumika vilivyo mbali na maji, karo za kufulia zilizoinuliwa, na mahali pa kuchotea ambapo mchotaji halazimiki kuingia majini hadi magotini. Katika Ruaha Mkuu wamo mamba na viboko pia, hivyo mahali palipojengwa vizuri pa kuchotea huokoa viungo na maisha kwa njia zaidi ya moja. Mpangilio huo hauwezekani ikiwa kila hatua ya ukingo ina mwenyewe na uzio wake.

Faida ya nne ni ya kemikali. Kilimo cha vitunguu hutumia viuatilifu na mbolea za viwandani. Pale ambapo matuta yanafika ukingoni kabisa, mvua ya kwanza husomba kilichopulizwa jana na kukiingiza mtoni, na anayesafisha pampu hujikuta akimwaga masalia palepale wanapochota wengine. Ukanda wa nyasi na miti kati ya shamba na maji hupunguza mwendo wa maji ya mvua, hushika udongo, na pamoja na udongo huo hushika sehemu ya sumu na mbolea. Hauwezi kuchukua nafasi ya matumizi sahihi ya viuatilifu, lakini ni kizuizi cha mwisho kabla ya kikombe cha mnywaji.

Faida ya tano huzungumzwa kwa nadra vijijini, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni jambo la watu wa mjini. Shinikizo la damu, kisukari na kiharusi vimefika kila mahali barabara ilikofika. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mtoa huduma anapompa mgonjwa ushauri huo, inafaa ajiulize mgonjwa atatembea wapi. Mkulima anayeinama shambani tangu alfajiri huenda hahitaji kuambiwa. Lakini muuza duka, mshona nguo, dereva wa lori aliyeketi siku nzima, mama mtu mzima aliyepata kiharusi na sasa anajifunza upya kuinua mguu, wote hao wamebakiziwa ukingo wa barabara kuu, ambako malori yanayotoka Kitonga hupita kwa kasi. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo atembee ni kumwandikia dawa isiyopatikana katika duka lolote la jirani. Njia tambarare yenye kivuli, iliyo mbali na magari, ndiyo duka la dawa hiyo. Katika bonde lenye joto kama hili, kivuli chenyewe ni tiba kwa mzee, kwa mjamzito na kwa mtoto.

Gharama ya kuchelewa inaonekana Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi lilijulikana miaka mingi kuwa ni la mafuriko, lakini nyumba na karakana zilijaa humo kidogo kidogo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na Serikali ikawapa waathirika wengi viwanja huko Mabwepande. Baadhi ya watu walirudi bondeni, kwa sababu kazi, shule na ndugu vilikuwa mjini. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi zilibomolewa, kwa machungu makubwa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurika mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo, na miongoni mwa yaliyokusudiwa ni kuwahamisha wakazi kwa fidia, kujenga daraja jipya na kuligeuza bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Kwa maneno mengine, taifa linakopa ili kuirudisha ardhi ya wazi ambayo zamani ilikuwapo bure.

Nairobi imetoa somo la pande mbili. Katika mafuriko ya mwaka 2024, Serikali ya Kenya iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za kingo za mito, na nyumba za maskini katika Mathare zikabomolewa wakati wenyewe wakiwa bado wanaomboleza. Lakini katika jiji hilohilo ipo Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, mahali palipokuwa pa taka kabla ya kusafishwa na kupandwa miti, na ambapo leo hubeba jina la marehemu John Michuki aliyekuwa waziri wa mazingira. Ukingo ule uliotengwa kwa umma ulihitaji miche, ulinzi na subira. Ukingo ulioachwa ujazwe nyumba ulihitaji matingatinga na machozi.

Ruaha Mbuyuni haijafika huko, na hiyo ndiyo sababu ya kuizungumzia sasa. Kutenga ardhi kabla haijajengwa hugharimu vikao na vigingi. Kuirudisha baada ya kujengwa hugharimu fidia, kesi na uhasama wa majirani.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili kusikilizwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya mkulima. Ardhi ya ukingoni ndiyo yenye rutuba zaidi na iliyo rahisi kumwagilia. Familia yenye robo ekari tu mtoni ikiambiwa iiachie mita 60, inaambiwa iachie ada ya shule. Hakuna faida ya afya inayoweza kuhesabiwa kwa haki ikiwa inalipwa na maskini peke yake. Kwa hiyo pasifanyike zoezi la siku moja la kuwafukuza watu mto mzima. Ianzwe kwenye kipande kisicho na mgogoro, karibu na makazi na mahali ambapo watu wamezoea kushukia majini. Anayelima humo kwa haki inayotambuliwa apewe ardhi mbadala au fidia kabla ya kuondoka, tena baada ya kuvuna, wala si vitunguu vikiwa na majuma matatu. Njia za mifereji na za pampu ziendelee kuwapo, kwa kuwa mto ni wa mkulima pia. Na mkulima mwenyewe ana la kupata: ukingo usio na mizizi humomonyoka, na ardhi inayoporomoka mtoni hailipwi fidia na mtu yeyote.

Hoja ya pili husema kwamba eneo la wazi litakuwa choo na jalala. Hoja hii ni ya kweli pale ambapo eneo linaachwa tu. Jiji la London mwaka 1858 lilinuka Mto Thames hadi wabunge wakashindwa kufanya kazi yao kwa utulivu; mhandisi Joseph Bazalgette alipojenga mabomba makubwa ya majitaka, sehemu ya mabomba hayo ilipitishwa chini ya kingo mpya za mto, na juu yake zikawekwa njia na bustani za watu wote. Funzo lake halihitaji fedha za London. Usafi na uwazi hupangwa pamoja: choo cha umma kinachotunzwa, pipa au shimo la taka linalozolewa, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Ushuru mdogo kutoka kwa wafanyabiashara wanaonufaika na wapita njia unaweza kumlipa mtu huyo, ikiwa wakazi wataukubali na hesabu zake kusomwa hadharani.

Hoja ya tatu ni kwamba vijiji havina mamlaka ya kupanga bustani. Hapa sheria iko upande wa wakazi. Pale ambapo ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huruhusu halmashauri ya kijiji kupendekeza sehemu ya ardhi itengwe kwa matumizi ya pamoja, na mkutano mkuu wa kijiji ndio huidhinisha. Ardhi iliyotengwa hivyo huandikwa katika daftari la ardhi ya pamoja. Mpango wa matumizi bora ya ardhi huweza kuionyesha katika ramani, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, inaweza kushirikishwa katika kuweka mipaka ya ukanda wa mto. Yaliyobaki ni vigingi, miche ya mikuyu, mikwaju na miti mingine ya asili inayoshika ukingo, na kujihadhari na mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi na haifai kupandwa kando ya mto.

Katika hatua hiyo, watoa huduma za afya wana nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuijaza. Wao ndio wenye daftari la wagonjwa. Mtaalamu wa afya akisimama mbele ya mkutano na kueleza, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, ni watoto wangapi wametibiwa kichocho mwaka huu na wanatoka vitongoji gani, mjadala wa mita 60 huacha kuwa ugomvi wa viwanja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuonyesha mahali ambapo watu huingia majini, mashimo yanayotuamisha maji, na njia ambazo wajawazito na wazee hushindwa kuzipita. Kliniki za shinikizo la damu na kisukari zinaweza kuwa za kwanza kulitumia eneo hilo, kwa kuwakutanisha wagonjwa asubuhi watembee pamoja, kila mmoja kwa kadiri ya ushauri aliopewa na bila kuacha dawa zake.

Wagonjwa nao wasijione kuwa ni wapokeaji tu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenye mguu uliopooza ana kura sawa na mwenye trekta. Anayetumia dawa za kisukari, mama aliyempoteza mtoto kwa kuhara, kijana aliyekojoa damu utotoni, hao ndio mashahidi wa kwanza wa gharama ya ukingo mbaya, na ushahidi wao una uzito kuliko hotuba ya mgeni. Wanachohitaji ni kujua tarehe ya mkutano, kufika, na kuomba suala la ukingo liwekwe katika ajenda na uamuzi wake uandikwe.

Kizazi kijacho cha Ruaha Mbuyuni kitakuwa na maduka mengi zaidi, malori mengi zaidi na, kwa hakika, wagonjwa wengi zaidi wa maradhi ya kukaa. Vitu hivyo vitakuja bila kuitwa. Njia ya wazi kando ya mto, yenye mikuyu iliyokomaa, haitakuja yenyewe. Mkuyu huchukua miaka mingi kutoa kivuli cha kutosha, kwa hiyo anayetaka kukikalia uzeeni hana budi kuanza na kigingi, mche na ukurasa mmoja katika daftari la kijiji.